Doti Isiyokatwa Sawa

Saa tatu asubuhi, Makadara, feni imekwama tena,
nimeinamia hadubini kama mtu anayechungulia kisima.
Kirungu chake kimeota kutu. Chumvi ya mji huu haichagui.
Kioo nambari mia nne na kumi na saba:
kipande cha mlango wa kizazi, chembamba kuliko ganda la kitunguu,
kimetiwa rangi ya zambarau na waridi.
Jina sikulisoma. Mimi jicho kwanza, jina baadaye.

Nilikulia chini ya cherehani.
Mama alipinda leso Mtaa wa Biashara, barazani pa duka la watu,
na kabla ya sindano kulikuwa na mkasi,
na kabla ya mkasi, jicho:
doti moja, leso mbili zilizoungana bado,
ua kwa ua, pindo kwa pindo, jina kwa jina.
"Usikate mpaka ncha zote zimeshikwa," alikuwa akisema.
"Mkasi hauombi radhi."

Mama, seli ni hivyo hivyo.
Uliniuliza nafanya nini huku, nikakujibu kwa haraka, nikala mahamri yako, nikaondoka.
Seli ikitaka kuwa mbili, hunakili kwanza mali yake yote:
doti arobaini na sita, hakuna iliyotenganishwa.
Huzipanga katikati. Huku nguzo, huku nguzo,
nyuzi zikitoka pande zote mbili kuzishika.
Halafu hungoja.
Kwa ajili ya kungoja huko nilibaki katika kazi hii.
Doti moja tu ikiwa haijashikwa sawa, mkasi hauinuliwi.

Kirusi hakina mkono wala cherehani.
Huingia kama mgeni, kikalala stoo miaka kumi, kumi na mitano,
na mwenye nyumba anapika, anaenda harusini, hasikii kitu.
Kina protini zake mbili.
Moja humfunga mlinzi wa mlangoni kitambaa cha taka,
akabebwa, akasagwa mzima.
Ya pili humpigia fundi kelele: kata! kata! kesho Idi!
Na nguzo zilizokuwa mbili
zikazaa ya tatu.

Naiona. Iko kona ya juu, kushoto.
Nyota ya pembe tatu, kama ile nembo ya gari la tajiri,
kila pembe inavuta kwake.
Huyu atapata leso hamsini na moja, yule thelathini na tisa,
hao wengine sijui, sikuwahi kuwa hodari wa mirathi.
Na moja imesalia katikati, peke yake, imekunjamana,
hakuna mkono unaoitaka.

Nyingi za namna hii hufa.
Ningependa shairi liishie hapo.
Lakini kuna ile inayojifunza kuishi na leso zisizo na pindo,
ikakata nyingine vibaya zaidi, na nyingine,
na kila kosa likawa mtaji.

Nikageuza karatasi.
Zuwena Mbarak Shee. Miaka hamsini na minne. Kuze.

Leso ya mama iko kabatini kwangu, moja tu.
*Waliogawana sawa hawadaiani.*
Mwenziwe alipewa Bi Zuwena, mwaka nilipofaulu mtihani wa darasa la nane;
walisimama barazani wakaikata wenyewe,
mmoja ameshika huku, mmoja huku,
wakibishana kwa kicheko nani kapata ua zima.

Nikarudi kwenye kioo. Nikasogeza polepole hadi ukingoni,
pale safu ya chini inapokaa juu ya msingi wake.
Nikapita mara ya kwanza. Nikapita tena.
Nikaenda kunywa maji, nikarudi, nikapita mara ya tatu.
Msingi ni mzima. Vurugu yote iko juu yake, haijavuka.

Daktari Mwachiro ndiye atakayetia sahihi; mimi naandika kwa penseli tu:
*haijavuka.*
Halafu nikaona mkono wangu umeshika ncha ya karatasi,
kwa vidole viwili, imevutwa sawasawa,
kama vile upande wa pili kuna mtu.